Kibanio, koili au stenti ya wavu: kuchagua tiba ya mshipa uliovimba ubongoni ukiwa Mtwara au Lindi

Mgonjwa wa Kusini akipewa rufaa ya Dar es Salaam kwa sababu ya mshipa uliovimba ndani ya ubongo, nyumbani huulizwa jambo moja: watampasua kichwa? Wakisikia kwamba siku hizi kuna njia ya kupitisha mpira mwembamba kutoka pajani hadi ubongoni bila kugusa fuvu, watu hushusha pumzi na mazungumzo yanaishia hapo. Yanaishia mapema mno, na ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Njia ya mshipa imeokoa wengi, na wapo wagonjwa ambao hiyo ndiyo tiba yao hasa. Lakini tiba hiyo haimaliziki siku ya kuruhusiwa wodini. Ina dawa za kumeza, ina picha za kurudia, na mara nyingine ina kazi ya pili ya kukamilisha ile ya kwanza. Anayeishi Kariakoo anaweza kuyabeba hayo bila hata kuyafikiria. Anayeishi Newala, Tandahimba au Nachingwea hana budi kuyapigia hesabu kabla hajasaini fomu.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita anurizimu. Ukuta wa mshipa wa damu ukidhoofika mahali pamoja, damu huusukuma nje ukatuna, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyochomoza pale tairi lilipolika. Hutokea zaidi kwenye njia panda za mishipa chini ya ubongo, pale mshipa mmoja unapogawanyika kuwa miwili. Huo uliotuna nitauita kifuko, na mahali kinapoungana na mshipa nitapaita shingo. Shingo itatajwa sana hapa, maana upana wake huamua mengi.

Watu wazima wapatao watatu katika kila mia wanacho kifuko cha namna hii, na wengi wao watazeeka nacho bila kujua. Presha isiyotibiwa na sigara ndivyo vichocheo vikubwa tunavyoweza kuvidhibiti. Wanawake hukipata zaidi ya wanaume. Na katika ukoo ambao ndugu wawili wa karibu wa damu wameshapatikana nacho, waliobaki nao wanastahili kupimwa.

Kimepasuka, au bado?

Swali hili linatangulia mengine yote, na jibu lake hubadilisha hata muda ulionao wa kufikiri.

Kifuko kikipasuka, damu huvuja na kuenea juu ya ubongo. Kichwa huuma kwa kishindo, ghafla, maumivu ambayo mwenyewe atakwambia hajawahi kuyapata tangu azaliwe. Hutapika, shingo hukakamaa, mwanga humkera, wengine huzimia au kupata degedege. Kuna ishara nyingine ambayo watu huipuuza: kope la jicho moja kuanguka ghafla huku mboni ya jicho hilo ikitanuka. Huenda kifuko kinakandamiza neva ya jicho, na hilo nalo si la kulala nalo mpaka asubuhi.

Huku kwetu kichwa cha aina hii hupewa majina mengi. Malaria imepanda kichwani. Presha. Shetani kapanda. Karogwa. Nawasihi ndugu zangu, kichwa kilichoanza kwa kishindo ni cha hospitali saa hiyohiyo, na vidonge vya dukani vya aspirini au diklofenaki visitangulie, maana hupunguza uwezo wa damu kuganda wakati ambapo tunaomba igande.

Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaopasukiwa hupoteza maisha. Kwa aliyenusurika, adui anayefuata ni kuvuja tena, na hatari hiyo huwa kali zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo. Kifuko kikiachwa bila kuzibwa, takriban mmoja kati ya watano huvuja tena ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana madaktari hutaka kukiziba mapema, ikiwezekana ndani ya siku ileile. Sasa weka hapo umbali wetu: Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560 kwa barabara, Lindi ni kama 450. Nafuu tuliyonayo ni kwamba kipimo cha kwanza, CT scan, kinapatikana hukuhuku Kusini, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kikipigwa ndani ya saa sita tangu kichwa kianze, ni nadra sana damu iliyovuja ikakosa kuonekana. Wakati rufaa ikiandaliwa, kazi ya hospitali ni kuishusha presha kwa uangalifu, kutuliza maumivu, na kumwanzishia mgonjwa nimodipini, dawa inayotolewa kila baada ya saa nne kwa siku 21 ili kumkinga na madhara ya mishipa ya ubongo kujikaza siku zinazofuata.

Familia ambayo mgonjwa wake amepasukiwa haina haja ya vikao virefu. Isafiri. Huko atakakofikia, madaktari watatazama picha ya mishipa, na kama kifuko kinaweza kuzibwa kwa njia zote mbili, yaani kufungua fuvu na kukibana kwa kibanio, au kukijaza koili, nyuzi laini za platini zinazopitishwa ndani ya mshipa, ushahidi mzito tulionao unaipendelea koili. Ushahidi huo ni utafiti ulioitwa ISAT, ulioendeshwa zaidi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya kwa wagonjwa 2,143, na kuchapishwa mwaka 2002. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamefariki au kubaki wakitegemea watu kwa mambo yao ya kila siku walikuwa asilimia 23.7 kwa upande wa koili, na asilimia 30.6 kwa upande wa kufunguliwa fuvu. Tofauti hiyo ni karibu watu saba katika kila mia, na ndiyo iliyogeuza tiba ya ugonjwa huu duniani.

Ila soma vizuri: wagonjwa wa ISAT walikuwa wale ambao madaktari waliona kifuko chao kinafaa kwa njia zote mbili. Mwenye bonge kubwa la damu ndani ya ubongo anaweza kuhitaji kufunguliwa ili damu itolewe, na kifuko kikabanwa hapohapo. Huyo usimlilie koili.

Ambacho hakijapasuka: kusubiri nako ni tiba

Hapa ndipo penye nafasi ya kulinganisha kweli, na hapa ndipo naona watu wa kwetu wanakimbilia uamuzi. Mtu alienda kupigwa picha kwa sababu ya ajali ya bodaboda au kizunguzungu, picha ikaonyesha kifuko cha milimita 4. Anarudi nyumbani akiamini ana bomu kichwani. Hapati usingizi, hali chakula, na ukoo mzima unachangishana.

Utafiti mkubwa wa vifuko visivyopasuka, uliofanywa Marekani, Canada na Ulaya na kuchapishwa mwaka 2003, ulifuatilia watu kwa miaka kadhaa. Kwa wenye kifuko kisichofika milimita 7 kwenye mishipa ya mbele ya ubongo, ambao hawajawahi kupasukiwa na kingine, hakuna aliyepasukiwa ndani ya miaka mitano. Cha milimita 7 hadi 12 mahali hapohapo, hatari ilikuwa asilimia 2.6 kwa miaka mitano. Kikizidi milimita 25, ilifika asilimia 40. Vya mishipa ya nyuma vina hatari zaidi kuliko vya mbele kwa ukubwa uleule. Vidogo navyo hupasuka, madaktari huviona, kwa hiyo sifuri ya utafiti mmoja si hati ya dhamana. Lakini tiba yoyote ya kifuko nayo ina hatari yake ya kiharusi au kifo siku ya kazi. Hatari unayoinunua leo lazima iwe ndogo kuliko ile unayoikimbia.

Kwa sababu hiyo daktari hukusanya mambo sita pamoja: mgonjwa anatoka jamii gani, ana presha au hana, umri umevuka miaka 70 au la, ukubwa wa kifuko, kama aliwahi kupasukiwa na kingine, na kifuko kipo kwenye mshipa upi. Muulize daktari wako akupitishe kwenye hayo sita moja baada ya jingine. Ni haki yako, na hayachukui muda mrefu.

Anayesubiri ana kazi ya kufanya. Picha hurudiwa, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 12, kisha kwa vipindi atakavyopanga daktari. Sigara iachwe kabisa. Dawa za presha zimezwe kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi na mwili una nguvu. Na tuambiane ukweli sisi wa pwani: ng'onda na samaki wengine wa chumvi kila siku, juu yake mboga iliyotiwa chumvi tena mezani, haviendani na presha ya kutulia. Hapo kipimo cha presha cha kila mwezi kwenye zahanati ya kijiji kinafanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi za mjini.

Kuhusu fedha za korosho. Wakulima wengi huomba matibabu yasogezwe mpaka minada ianze Oktoba na malipo yaingie kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika. Kwa kifuko kidogo ambacho hakijapasuka na presha imetulia, ombi hilo linazungumzika, na daktari muungwana atalisikiliza. Kwa kifuko kilichoanza kuleta dalili au kinachokua kutoka picha moja hadi nyingine, halizungumziki.

Kufungua na kubana

Njia hii ndiyo kongwe. Walter Dandy wa Baltimore alibana kifuko kwa kibanio cha madini ya fedha mwaka 1937, na tangu hapo darubini za upasuaji zimeifanya kazi hiyo kuwa ya usahihi mkubwa. Mgonjwa hulazwa usingizi, kipande cha fuvu hutolewa, daktari hupita kati ya mikunjo ya ubongo bila kuukata, anaifikia shingo ya kifuko na kuibana kwa kibanio kidogo, siku hizi mara nyingi cha titani. Damu haiingii tena. Kipande cha fuvu hurudishwa.

Ubaya wake unaujua hata kabla hujaambiwa: ni upasuaji mkubwa. Siku kadhaa wodini, kisha wiki nyingi za kupata nguvu nyumbani, kovu nyuma ya mstari wa nywele, uwezekano wa maambukizi, degedege, au ubongo kuumia. Kwa mzee, au kwa mwenye moyo au mapafu dhaifu, mzigo huo unaweza kuwa mkubwa kupita faida.

Uzuri wake watu hawausikii. Kifuko kilichobanwa sawasawa kwa kawaida kimekwisha. Katika wagonjwa walewale wa ISAT, waliohitaji kutibiwa tena kifuko kilekile walikuwa asilimia 3.8 kwa upande wa kibanio, na asilimia 17.4 kwa upande wa koili. Hakuna dawa ya kuzuia damu kuganda ya kumeza kwa miezi. Picha za kurudia ni chache. Na kwa vifuko vya mshipa wa kati wa ubongo, ule unaopita pembeni karibu na sikio, mara nyingi shingo ni pana na matawi yanatokea kwenye kifuko chenyewe, hivyo mabingwa wengi bado wanaona kibanio ndicho kinachofaa zaidi pale. Kijana wa miaka 35 mwenye miaka mingi mbele yake naye ana sababu nzuri ya kukifikiria.

Koili

Guido Guglielmi, daktari wa Italia aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, ndiye aliyeleta koili inayoachia. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990, na Marekani ikaidhinisha matumizi yake mwaka 1995. Mpira mwembamba, katheta, huingizwa kwenye mshipa wa paja kwenye kinena, au siku hizi kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Huongozwa kwa picha za eksirei hadi ndani ya kifuko. Kupitia humo husukumwa uzi laini wa platini unaojikunja wenyewe, kisha mkondo mdogo wa umeme unaukata kutoka kwenye waya uliousukuma. Unafuata wa pili, wa tatu, mpaka kifuko kinajaa, damu iliyomo inaganda, na msukumo unakoma kuingia.

Asiyepasukiwa anaweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili na kuanza shughuli nyepesi mapema. Kwa vifuko vilivyo nyuma na ndani, hasa ncha ya mshipa wa basila mbele ya shina la ubongo, njia hii ina nafasi nzuri sana, kwa sababu kufika kule kwa kisu ni safari ngumu na ya hatari.

Shida yake iko kwenye shingo pana na kwenye muda. Shingo ikiwa pana, koili hutaka kuteleza kurudi kwenye mshipa mkuu. Madaktari huzuia hilo kwa puto linalojazwa kwa muda, au kwa stenti, kibomba cha wavu kinacholazwa ndani ya mshipa na kuachwa palepale, na stenti ikiingia, dawa za kuzuia damu kuganda nazo zinaingia. Kisha kadiri miezi inavyokwenda, koili zinaweza kubanana na kifuko kikafunguka tena pembeni. Hapo ndipo asilimia 17.4 ilipotoka. Picha za kurudia kwa mgonjwa wa koili ni sehemu ya tiba yenyewe, na asiyerudi ameiacha nusu. Angalia pia figo: dawa ya kung'arisha mishipa wakati wa picha inaweza kuzielemea zile ambazo tayari ni dhaifu, kwa hiyo kipimo cha figo kitangulie.

Stenti ya wavu, na WEB

Hizi ndizo habari mpya ambazo watu husikia kwenye simu na kuzitamani, na ni maendeleo ya kweli. Stenti ya wavu haiingii ndani ya kifuko hata kidogo. Inalazwa ndani ya mshipa mkuu na kupita mbele ya shingo. Pipeline, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, imesukwa kwa nyuzi 48 za kobalti-kromiamu na platini. Damu inaendelea na safari yake ndani ya stenti, inayoingia kifukoni inapungua na kutulia, inaganda, na ukuta mpya wa mshipa unaota juu ya wavu. Vifuko vikubwa vyenye shingo pana, ambavyo zamani vilimwacha daktari bila jibu zuri, sasa vina jibu. Katika utafiti uliofungua njia ya kuidhinishwa kwake, vifuko vilivyozibika kabisa vilikuwa karibu asilimia 87 baada ya mwaka mmoja na asilimia 95 baada ya miaka mitano. Tofauti na koili, hii kadiri muda unavyokwenda ndivyo inavyokaza.

Lakini sikiliza sharti lake. Mgonjwa humeza dawa mbili za kuzuia chembe za damu kushikana, aspirini na klopidogreli, kuanzia kabla ya kazi na kwa miezi kadhaa baadaye, kila siku bila kuruka. Aspirini inaweza kuendelea muda mrefu zaidi. Akiziacha mapema bila ruhusa ya daktari, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kumletea kiharusi. Wapo watu ambao klopidogreli haifanyi kazi vizuri mwilini mwao, na ni busara kuuliza kama hilo litapimwa. Na kwa kuwa kifuko hakizibiki siku ileile, na dawa zenyewe huongeza kuvuja damu, stenti hii kwa kawaida si chaguo la kwanza kwa aliyekwishapasukiwa. Mwanamke anayepanga ujauzito aseme mapema, kabla ya kuwekewa.

WEB ni kifaa kingine, kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba sana za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, kinachofunguka ndani ya kifuko na kuziba shingo kwa mara moja. Kimetengenezwa kwa vifuko vya njia panda vyenye shingo pana, na Marekani ilikiidhinisha mwishoni mwa 2018. Faida yake kubwa ni kwamba kikikaa vizuri kifukoni, hakihitaji zile dawa mbili za muda mrefu. Lakini si kila kifuko kinazibika kabisa kwa hicho: katika utafiti wa Marekani, vilivyozibika vyote bila kubakiza kitu baada ya mwaka vilikuwa kidogo zaidi ya nusu, ingawa waliozibika kwa kiwango cha kuridhisha walikuwa karibu asilimia 85. Kifuko lazima pia kiwe na umbo linalokipokea.

Umbali nao ni kigezo

Nyumba moja ya Mikindani ilinifunza mengi kuhusu uamuzi huu. Mama wa miaka hamsini na kitu, kifuko cha milimita 9 kwenye mshipa wa kati, shingo pana, hakijapasuka. Wanawe wawili walikaa barazani wakabishana mbele yake.

“Kaka, mimi sikubali mama afunguliwe kichwa wakati njia ya mshipa ipo.”

“Mdogo wangu, njia ya mshipa ataipata leo. Hizo dawa za kila siku, na kurudi baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, umeshazipangia?”

Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. “Wanangu, kichwa ni changu. Niulizeni mimi. Mimi nataka jambo likiisha liishe.”

Walipofika kwa bingwa, mama mwenyewe aliuliza: kwa kifuko changu hiki, ipi inaisha? Alijibiwa kwamba kwa shingo ile, njia ya mshipa ingehitaji stenti na dawa mbili, na kwamba kibanio kingewezekana vizuri kwa umri wake na afya yake. Alichagua kibanio. Nauheshimu uamuzi ule, kwa sababu uliitazama picha ya ubongo na maisha ya mwenye ubongo kwa pamoja. Mzee mwingine wa upande wa Lindi, mwalimu mstaafu, alikuwa na kifuko kwenye ncha ya basila. Kwake koili ilikuwa wazi kabisa, na mtu ambaye angemshawishi achague kufunguliwa fuvu ili akwepe safari za kurudi angemdhuru.

Kwa hiyo siwaambii watu wa Kusini wachague kisu. Nasema hivi: pale ambapo madaktari wameona njia mbili zinakaribiana kwa usalama, umbali uwekwe mezani kama kigezo halali, sawa na umri na presha. Ukichagua koili, panga sasa nauli ya kurudi, nani atakusindikiza, na utalala kwa ndugu gani Temeke au Mbagala. Ukichagua stenti ya wavu, uliza kabla ya kazi kama klopidogreli inapatikana daima kwenye duka la dawa la mjini kwenu, na uondoke Dar es Salaam na akiba ya kutosha. Barabara yetu ya Kusini tunaijua. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Mgonjwa wa stenti aliyebakiwa na vidonge vya siku mbili hawezi kusubiri daraja litengenezwe.

Gharama siwezi kukuandikia, kwa sababu hutegemea idadi ya vifaa na aina ya bima. Jambo la hakika ni kwamba kwa njia ya mshipa, vifaa ndivyo vinavyokula fedha: kifuko kimoja kinaweza kumeza koili kadhaa, na kila moja ina bei yake. Waulize NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, au ofisi ya bima yako, kwa kutaja jina la kifaa. “Upasuaji wa ubongo” kwa ujumla hautoshi, maana upasuaji unaweza kulipiwa na kifaa kisilipiwe. Asiye na uwezo aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali anayopewa rufaa, tena kabla ya safari. Kwa sehemu kubwa rufaa za ubongo kutoka kwetu huelekea MOI, yaani Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, ambako wapo mabingwa wa upasuaji wa ubongo na ipo maabara ya kutibu mishipa ya ubongo kwa njia ya katheta. Uzuri wa kufika mahali penye njia zote mbili ni kwamba anayekushauri hana sababu ya kukuuzia ile moja anayoiweza. Omba kesi yako ijadiliwe na wote wawili, wa kisu na wa katheta, kisha wakupe maoni ya pamoja.

Siku ya kuruhusiwa, usiondoke na karatasi ya kutokea tu. Omba CD ya picha za mishipa, kwa sababu daktari wa hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) atakayekuona miezi sita baadaye anahitaji kulinganisha, na maelezo ya maandishi hayamtoshi. Omba pia kadi yenye jina la kifaa ulichowekewa na tarehe. Koili za platini na vibanio vya titani vya sasa kwa kawaida haviwi kizuizi cha kipimo cha MRI, lakini baadhi ya vibanio vya zamani vya chuma huvutwa na sumaku ya mashine hiyo, na fundi wa MRI asiyejua una kipi hatakubali kukuingiza. Piga picha kadi hiyo, mtumie mwanao mmoja na ndugu mmoja, na nakala iwekwe kwenye kadi ya kliniki ya presha, maana hiyo ndiyo utakayokwenda nayo zahanati kila mwezi.